Mtu wa Nje ya Dirisha

Mwaka huu, kahawa ilipomalizika kuanikwa, nilimkabidhi mjukuu wangu Asteria ngazi yangu, skrepa zangu zote za kukwaruzia, na ile brashi ya inchi nne ambayo sikuwahi kumwazima mtu. Goti limekataa kupanda. Jicho la kushoto linaona, ila linaona linapotaka. Nilianza kazi ya rangi nikiwa na mtoto mgongoni, na sasa naitwa bibi na watu ambao mimi mwenyewe nawaona wazee.

Asteria akaniambia, "Bibi, andika. Mafundi wa siku hizi ukiwaambia wanacheka. Labda wakisoma watanyamaza."

Basi naandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta alama imekaa mahali si pake, irukeni kama mnavyoruka ndoo ya chokaa.

Sitawaandikia nimepaka nyumba za nani wala nimepata nini. Nitawaandikia habari za macho, mikono na mapafu, maana hivyo ndivyo vitu fundi rangi anavyokwenda navyo kazini asubuhi, na hakuna aliyemwahidi kwamba atarudi navyo jioni. Na nitawaeleza habari za Fundi Otmar, aliyenifundisha kazi hii, na jinsi nilivyokaribia kumpoteza ndani ya chumba kizuri, kipya, chenye vioo, kwa sababu ya wadudu wadogo kuliko punje ya mpunga.

Siku yangu ya kwanza sikwenda kupaka rangi. Nilikwenda kubeba maji. Walikuwa wanapaka chokaa kanisa la kijijini kwetu, huku milimani Mbinga, na mume wangu alikuwa ameshafariki, na mtoto wangu Kandida alikuwa bado ananyonya. Fundi alikuwa mtu mwembamba kutoka Namswea, mfupi, masikio yamejaa madoa meupe, anapiga mluzi nyimbo za kanisa kutwa nzima. Huyo ndiye Otmar. Msaidizi wake hakutokea asubuhi ile. Otmar akanitazama mimi na ndoo yangu.

"Wewe mama, unaogopa urefu?"

"Naogopa njaa."

"Basi panda."

Lakini hakunipandisha hivihivi. Alinikalisha kwanza kwenye tofali akanipaka mafuta ya alizeti mikononi, usoni, hadi kwenye kope, kisha akaniambia nifunge kanga kichwani na nyingine puani. Wanawake wenzangu wa maji wakacheka. "Mama Kandida anakwenda kukaangwa!" Otmar hakucheka. Alinionyesha pipa ambalo chokaa ilikuwa imemwagiwa maji. Ilikuwa inachemka bila moto, inapiga mapovu, kama uji wa shetani. Akasema, "Hicho ndicho kitakachokudondokea. Ngozi yenye mafuta inakidondosha. Ngozi kavu inakipokea kama mgeni."

Kabla ya saa sita tone likaniingia jichoni. Nilipiga kelele nikainua mkono nisugue. Otmar aliushika ule mkono kwa nguvu ambayo sikujua mtu mdogo vile anayo, akanilaza chali palepale kwenye nyasi, akanimwagia maji jichoni, jagi baada ya jagi, mpaka yale maji niliyoyabeba mwenyewe asubuhi yote yakaisha kwenye jicho langu. Nilipotaka kuamka akasema, "Tulia. Jicho halina duka."

Hilo ndilo somo la kwanza, na silibadilishi. Chokaa ikiingia jichoni usisugue. Maji safi, mengi, muda mrefu mpaka uchoke, halafu zahanati. Na ndoo ya maji ya macho iwe chini ya ngazi kabla hujafungua mfuko. Isiwe kisimani.

Miaka ile vifaa havikuwepo, na rangi yenyewe haikuwepo. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu na sabuni chache. Tulipaka chokaa, tukatia chumvi ishike, na chini ya ukuta tukaweka udongo mwekundu. Aproni tulishona kwa nailoni ya ndani ya mifuko ya mbolea. Ukivaa unatoa sauti kama mtu anakula bisi. Lakini chokaa haikupita.

Ndipo ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara. Nyinyi mliozaliwa baadaye hamuwezi kujua. Kitu kilichokuwa kikiuzwa kwa kunong'onezana kikaanza kuuzwa kwa kupigiwa kengele. Wanunuzi wa kahawa wa kila aina wakapanda milima, na aliyekuwa na bati la kutu akataka bati jipya, na aliyekuwa na bati jipya akataka rangi. Na mitumba ikaja kwa marobota.

Mimi mitumba ilinivika. Kwenye gulio la Mbinga nilipata ovaroli ya bluu, nene, mifuko mpaka magotini, imeshonwa jina kifuani: HELMUT. Nikaivaa hivyohivyo. Watu wakaanza kuniita Fundi Helmuti. Paroko alipoiona akasema kwa upole, "Mama, hilo ni jina la mwanamume." Nikamwambia, "Baba, na hiyo kanzu yako?" Otmar alilazimika kushuka kwenye ngazi ili acheke vizuri. Kwenye robota jingine nilipata miwani ya kuogelea, ya mpira, inabana kichwa. Nikawa navaa nikipaka dari. Watoto walinifuata wakiimba kwamba Mama Kandida anazama. Waliimba, nami niliona. Jicho la kulia ninalo mpaka leo.

Pamoja na hayo yote ikaja rangi ya mafuta. Kila mwenye nyumba aliitaka, hata jikoni, hata mahali pa kufungia mbuzi, maana inang'aa na inaoshwa. Na harufu yake, na harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia tuliyoichanganya nayo, ilikuwa inapanda kichwani mpaka jioni unaona njia ya nyumbani imekuwa pana kuliko asubuhi.

Dawa yetu ilikuwa maziwa. Nataka msikie vizuri, maana bado mnayanywa. Mafundi wote niliowajua waliamini kwamba maziwa yanaosha rangi kifuani. Unakunywa kikombe kabla ya kazi, kikombe baada ya kazi, na mwenye nyumba asiyetoa maziwa tulimsema kama mtu asiyekwenda mazishini. Otmar aliamini maziwa kuliko alivyoamini mvua. Kanga puani aliikataa. "Hiyo ni ya kina mama. Mimi kifua changu nimekijengea ukuta wa maziwa." Lakini mimi nilikuwa nasikia mluzi wake. Zamani alimaliza ubeti mzima kwa pumzi moja. Siku hizo alikuwa anavuta katikati ya mstari, halafu anakohoa, halafu anaendelea kama vile hakuna kitu kilichotokea.

Ndipo tukaitwa Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa.

Tulishuka kwenye lori la mahindi, tumekalia magunia, ngazi imefungwa juu kama mbuzi wa mahari. Otmar alikuwa hajawahi kufanya kazi ziwani, na mimi nilikuwa nimefika Tingi tu, kabla ya ziwa. Sisi wa milimani tunajua baridi, tunajua kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia, kwenye mteremko ambao mbuzi anaupita kwa wasiwasi. Ziwa hatukulijua, na hatukuuliza.

Mwenye kazi alikuwa Bwana Lazaro, mfanyabiashara wa usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa ufukweni. Alikuwa mtu mkubwa, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Alijenga gesti hatua chache kutoka majini, na wageni wake wa kwanza walikuwa wanakuja na meli. Alituzungusha kila chumba.

"Nataka rangi ya mafuta, juu mpaka chini. Mgeni akiamka ajione ukutani. Na hivi vioo vya madirisha mnaviona? Vimetoka Dar. Vimepanda treni, vimepanda lori, havikupasuka hata kimoja. Mkivipasua nyinyi, mtalia mpaka mjaze hili ziwa."

"Vitabaki salama, bwana," akasema Otmar.

Tulianza chumba cha mbele, madirisha wazi, upepo wa ziwa unaingia vizuri. Alasiri ukuta ulikuwa unang'aa kama sahani. Otmar akatazama nje akaona moshi mweusi umesimama juu ya maji, mrefu, unajipinda.

"Mvua hiyo," akasema.

Mama Tabitha, mwanamke wa palepale aliyeajiriwa kupika kwenye ile gesti, akachungulia. "Mvua gani? Hicho ni chakula!" Akachukua kikapu na sufuria akatoka mbio, na wanawake wengine nao wakatoka kila nyumba.

Walikuwa ni kungu. Hao ni wadudu wanaotoka ziwani kwa pamoja, wengi hadi wanaziba jua, na watu wa huko wanawakamata wanawakanda wanakuwa kama mkate. Wenyeji wanajua majira yao, wanaangalia mwezi. Sisi tulijua walipotuingia mdomoni. Walipita madirishani wakatua kwenye ukuta mbichi, na ukuta ukaota nywele.

Bwana Lazaro akaja akasimama mlangoni. "Fundi, hii ni nyumba au ni andazi la ufuta?"

Kesho yake tulikwaruza, tukapiga msasa wa maji, tukaanza upya. Otmar alikuwa amekasirika. Alikuwa mtu wa kazi safi, na hakuna mtu aliyewahi kumtania ukuta wake. Akasema, "Tunafunga." Akafunga madirisha yote ya chumba cha nyuma. Akaloweka magunia akaziba chini ya mlango. Akaziba hata tundu la kitasa kwa pamba.

Mama Tabitha alikuwa anapita na maji. "Fundi, humo ndani mtapumua nini?"

"Maziwa," akasema Otmar, akainua kikombe. Tukacheka sote. Kisha akaingia akapiga komeo kwa ndani, mtu asije akafungua mlango akaingiza kungu.

Mimi nilibaki barazani napaka fremu za nje. Nilikuwa namsikia. Mluzi ulikuwa unakuja kupitia ukutani, wimbo wa Pasaka, ambao si majira yake, lakini ndio alioupenda. Baada ya muda wimbo ukaanza kupinda. Akaruka mstari. Akarudia mahali palepale. Halafu nikamsikia anacheka peke yake.

"Fundi, unacheka nini?"

"Mama Kandida! Ukuta unanikonyeza!"

Nami nikacheka. Otmar kutania halikuwa jambo geni. Nikachovya brashi, nikapaka ubao mmoja, nikapaka wa pili. Ndipo nikasikia kwamba sisikii kitu.

"Fundi?"

Kimya.

"Fundi, upo?"

Nikaenda mlangoni, nikasukuma. Komeo. Nikapiga kwa ngumi. Nikazunguka nyuma dirishani, nikaweka viganja kwenye kioo nikachungulia. Alikuwa amekaa sakafuni chini ya ngazi, brashi mkononi, kidevu kifuani, rangi inamtiririkia kwenye paja naye haoni. Nikatafuta jiwe. Ufukweni pale ni mchanga tu, mchanga, mchanga, na mimi mtu wa milimani ambako kila ukikanyaga ni jiwe, nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa mpaka nikaona mafiga ya Mama Tabitha. Nikang'oa figa moja lina moto bado kwa glovu yangu ya kazi, na sufuria ya maharage ikamwagika, nikalitupa.

Kioo kilichotoka Dar kikaingia ndani.

"Kioo changu!" Bwana Lazaro alikuwa ametokea konani. "Mwanamke, umerogwa?"

Ile harufu ilitoka dirishani ikanipiga kifuani, nikaisikia mpaka kwenye meno. Nikatoa vipande kwa mkono wenye glovu, nikavuta pumzi ya nje nikaifunga mdomoni, nikaingia. Ovaroli ya Helmuti ilichanika tumboni kwa kioo. Tumbo langu halikuchanika. Nikafungua komeo. Bwana Lazaro aliingia kwa mlango, na hapa namsifu, maana alipoona alichokiona hakusema tena habari ya kioo. Alimbeba Otmar mgongoni kama gunia akakimbia naye mpaka kwenye upepo, karibu na maji.

Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuichanganya mimi. Alikuwa anapumua, lakini pumzi ndogo, ndogo, kama panya ndani ya gunia. Watu wakajaa. Mtu akapiga kelele, "Maziwa! Leteni maziwa!" Na kweli yakaletwa, maziwa ya kopo, na mkono ukamwinua Otmar kichwa anyweshwe.

Mama Tabitha aliupiga ule mkono kikombe kikaruka. "Mtu hapumui, mnamnywesha? Mnataka azame nchi kavu? Sogeeni! Mnamalizia upepo wake!"

Tukamlaza ubavu. Nikamfungua shati. Nikakaa upande wa jua ili kivuli changu kimwangukie, na nikaanza kumwita. Sikujua kingine cha kufanya. "Fundi, upo? Fundi, upo?" Nilimwita mpaka sauti ikawa ya mtu mwingine. Naye akakohoa, akatapika, na yote yaliyotoka yalikuwa maziwa. Akafungua jicho moja.

"Mkono wa pili wa rangi," akasema, "bado."

Muuguzi wa zahanati alimweka siku kadhaa. Ni yeye aliyenikalisha akaniambia maneno ninayowapeni. "Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Harufu ya rangi inakwenda kifuani. Ni njia mbili, hazikutani. Dawa ya hewa mbaya ni hewa nzuri, basi." Nikamwonyesha kanga yangu ya puani. Akaishika, akaiangalia kwenye mwanga. "Hii inazuia vumbi, vizuri sana. Mvuke wa rangi unapita humu kama maji kwenye chekeche."

Nilirudi kwenye gesti nikamkuta Bwana Lazaro anatazama dirisha lililo wazi.

"Mama, pole. Lakini wageni wangu wanakuja. Chumba hicho kimalizwe. Mtafunga?"

"Sifungi."

"Na kungu?"

"Kungu ni wako, ziwa ni lako. Mapafu ni yangu."

"Sitaki ukuta wenye wadudu, Mama Kandida."

"Basi ingia ufunge, upake mwenyewe. Mimi nitakaa nje nikisikiliza ukicheka."

Ni Mama Tabitha aliyetuamua, akiwa anaosha lile figa. "Nyinyi watu wazima mnagombana, na nyavu za usipa zimelala pale uani. Kinachozuia usipa mdogo kitashindwa kungu? Kunjeni mara mbili, mtundike." Akaongeza, bila kuinua kichwa, "Na asubuhi huwa hawaji. Mngeuliza tangu mwanzo."

Tukatundika nyavu madirishani na mlangoni, zimekunjwa mara mbili. Upepo ukapita, kungu wakabaki nje, isipokuwa wachache wenye bidii. Tukawa tunapaka asubuhi, na Mama Tabitha akatuambia siku za kupumzika kwa kuangalia mwezi. Kazi ikaenda.

Otmar alitoka zahanati anatembea kwa fimbo. Kichwa kilimuuma, mikono ilitetemeka, na akisikia tu harufu ya kopo likifunguliwa alitafuta mahali pa kutapikia. Nilimwambia apande lori arudi Namswea. Akakataa. Akachukua kigoda akakiweka nje ya dirisha la chumba nilichokuwa napaka, akakaa, fimbo magotini.

"Unafanya nini hapo, Fundi?"

"Nafanya kazi." Halafu baada ya muda akaita, "Upo?"

"Nipo."

Ndivyo ilivyoanza. Nikimaliza kipande cha ukuta, "Upo?" "Nipo." Akaweka masharti yake, maana alikuwa mtu wa masharti. Jibu liwe neno, lisiwe kicheko. Anayecheka bila kisa anatolewa nje palepale, hata kama anasema ni mzima. Hasa akisema ni mzima. Akiitwa mara mbili hajajibu, kioo kinapasuliwa, hakuna kusubiri mwenye nyumba. Na mlango haupigwi komeo kamwe. Kisha akaenda polepole mpaka kwenye mafiga ya Mama Tabitha, akaomba jiwe moja, akaliweka chini ya dirisha. "Usiwe na kazi ya kutafuta tena," akasema.

Bwana Lazaro alipopita akaliona jiwe limekaa chini ya kioo chake. "Fundi, mnailinda nyumba yangu au mnaiwinda?"

"Inategemea," Otmar akajibu.

Hakuingia tena ndani ya chumba chenye rangi ya mafuta mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini hakuacha kazi. Tulizunguka pamoja miaka mingi, Mbinga yote, mimi ndani, yeye nje kwenye kigoda. Wenye nyumba walilalamika. "Huyu mzee kazi yake nini? Kutwa amekaa." Niliwajibu, "Ananipumulia." Asiyeelewa nilimwacha apate fundi mwingine. Nyuma ya mgongo walimwita mke wa Helmuti, naye aliposikia akaomba na yeye ashonewe jina.

Nilifundisha wengine, na kila niliyemfundisha nilimkalisha kwanza nje ya dirisha kabla sijampa brashi. Wengi hawakupenda. Mtu anataka kushika rola, wewe unamwambia ashike masikio. Mmoja aliniambia hiyo ni kazi ya kuchunga kuku. Nikamwambia, ndiyo, na kuku ni wewe.

Kifua cha Otmar hakikurudi. Alipolala mara ya mwisho nyumbani kwake Namswea, wanawe hawakutaka watu wajae chumbani, na walikuwa sahihi. Nikazunguka nje, nikakaa chini ya dirisha lake dogo la ubao. Niliita, "Fundi, upo?" Hakuwa na nguvu ya neno. Alijibu kwa mluzi, nusu mstari wa ule wimbo wa Pasaka. Alivunja sharti lake mwenyewe, maana alisema liwe neno. Nilimsamehe. Jioni ile nikaita akajibu, nikaita akajibu. Halafu nikaita. Hapakuwa na kioo cha kupasua.

Sasa vifaa vipo. Hata Mbinga mjini zinauzwa barakoa za kweli, zile zenye vikopo viwili vya kuchuja mashavuni. Asteria amesomea chuo cha ufundi, ana cheti cha upakaji rangi, wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na karatasi inayosema anajua kitu ambacho ukoo wetu ulikuwa unakijua tayari. Mimi huyo simsifu mbele yake, lakini hapa hayupo: anapaka kona kama mtu anayechora nyusi. Alininunulia barakoa kama hiyo mwaka niliokuwa nakaribia kuacha. Alinionyesha kwamba ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, kichujio kimekwisha, badilisha, usibishane nacho. Laiti ingekuwa Mbamba Bay. Nanyi mnazo, mnazining'iniza kidevuni kama ndevu za beberu, mnakunywa maziwa, mnafunga dirisha vumbi lisiingie. Mimi nimezeeka, sina muda wa kuwabembeleza.

Juzi Asteria alipata kazi ya nyumba hapa mjini, vyumba vya ndani, rangi ya mafuta. Nikamwambia nitakuja. "Bibi, umestaafu." "Nimestaafu kupanda, sijastaafu kukaa." Nikachukua kigoda na jiwe langu. Yeye akafungua madirisha yote, isipokuwa lile la kioo kisichofunguka nililokaa chini yake nje, akavaa miwani, glovu, barakoa, ovaroli yenye jina lake mwenyewe, akaingia. Barakoa ile ni nzuri ila inameza sauti, kwa hiyo tumekubaliana: nikiita, yeye anagonga kopo kwa mpini wa brashi, mara mbili.

"Upo?"

Ko, ko.

Jua likasogea. Jirani akaja akanisalimia, "Shikamoo bibi," tukaongea kidogo habari za kahawa, akaenda.

"Upo?"

Kimya.

Nikasimama. Goti halikunikumbusha kwamba haliwezi.

"Asteria! Upo?"

Kimya tena. Nikasikia mikono yangu imeshafika chini, ikaliinua jiwe, na ni zito kuliko nilivyolikumbuka.

Ko, ko, kwa kikombe cha maji ukutani. Kisha kichwa chake kikatokea kwenye baraza la mbele, barakoa mkononi, anakimbia. "Bibi! Bibi, nipo! Nilitoka kunywa maji, nikasahau kukuambia." Akaona nilichoshika. Akatazama kioo, akanitazama mimi. "Ungepasua kweli? Mwenye nyumba amesema hivi vioo ..."

"Vimetoka wapi?"

Asteria alivaa barakoa, akakaza mikanda, akarudi ndani, na kabla sijaita akagonga mwenyewe mara mbili. Nikakaa. Nikaliweka jiwe chini, mahali ambapo mkono unafika.